Barua ya wazi kwa wakubwa wa halmashauri yetu: chupa ya kioo haimo mtaroni

Kwa: Mwenyekiti wa Halmashauri, Mkurugenzi Mtendaji, na Waheshimiwa Madiwani wote

Kutoka: Fundi sanifu mstaafu, mkazi wa jirani na stendi

YAH: PLASTIKI KATIKA MTARO WA STENDI, NA CHEKECHE LILILOKATWA

Waheshimiwa, kamwene.

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Barua ya kwanza kuhusu jambo hili niliileta kwa mkono wangu Februari mwaka jana, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Juni nikafuatilia, nikaambiwa haionekani kwenye faili, nilete nakala. Nikaleta nakala. Novemba nikasimama kwenye mkutano wa hadhara wa kata nikaeleza kwa mdomo. Watu wakapiga makofi, na meza kuu ikasema hoja imepokelewa. Imepokelewa kweli, maana tangu siku hiyo haijatoka huko ilikopokelewa.

Ndiyo maana leo naandika hadharani. Sina nia ya kumuumbua mtu, kwa hiyo jina la halmashauri silitaji, wala la ofisa yeyote. Wenyewe mnajijua. Mji wetu uko kando ya barabara kuu, kati ya Mafinga na Makambako, na mtaro ninaousema mnauvuka kila mnapokwenda kula mchana. Kama kuna msomaji wa Ipogolo, Igawa au Uyole atakayeona kwamba namsemea na yeye, aichukue barua hii abadilishe jina la mtaro tu.

Nimefanya kazi za barabara miaka 27: makalavati, mitaro, madaraja madogo. Mke wangu anauza chipsi na mahindi ya kuchemsha stendi. Kwa hiyo plastiki naifahamu kutoka pande mbili. Naifahamu ikiwa imeziba mdomo wa kalavati usiku wa mvua, na naifahamu ikiwa bado safi, inatoka mkononi mwa mama watoto kwenda kwa abiria anayenyoosha mkono dirishani.

Kabla ya hoja zangu naomba tushuke mtaroni pamoja, walau kwa kusoma. Chagueni asubuhi inayofuata siku ya soko. Mtakuta chupa za maji za nusu lita, vifungashio vile vyepesi vinavyong'aa, pakiti za biskuti, mabaki ya viriba vya miche, na mfuko mmojammoja wa "mbadala" uliokatika masikio. Sasa nitafutieni chupa ya soda ya kioo.

Hamtaiona. Mimi nimeshuka mtaroni humo mara nyingi, nyingine nikiwa na buti na nyingine bila, na chupa nzima ya soda sijawahi kuikuta. Sababu kila mtoto wa hapa anaijua: kreti lina matundu 24, chupa tupu ina bei yake, na mwenye duka atakufukuza hadi mlangoni mwa basi kuidai. Abiria yuleyule akimaliza soda anairudisha chupa kwa adabu kupitia dirishani, kisha akimaliza maji anairusha ile ya plastiki kupitia dirisha hilohilo. Mtu hajabadilika, wala malezi yake hayajabadilika ndani ya dakika kumi. Kilichobadilika ni utaratibu uliofungwa kwenye chupa.

Waheshimiwa, hiyo ndiyo hoja yangu yote. Ninyi mmekuwa mkitueleza kwamba mji ni mchafu kwa sababu sisi ni wachafu. Mimi nasema mji ni mchafu kwa sababu vitu vimepangwa vibaya, na kupanga vitu ni kazi ya ofisi yenu.

1. Chekeche la kalavati

Hapa nitachukua muda kidogo, mnisamehe, ndiyo fani yangu.

Msimu wa mvua uliopita mliweka chekeche la nondo kwenye mdomo wa kalavati. Nilifurahi nilipoona mafundi wakilichomelea, halafu nikasogea karibu nikaingiwa na wasiwasi. Lilisimama wima kama mlango wa mahabusu. Nondo zilibanana kiasi kwamba kidole gumba kilipita kwa shida. Upana wake ulikuwa uleule wa mdomo wa kalavati, na juu yake hapakuachwa nafasi ya maji kupita endapo litaziba. Nilimwambia msimamizi palepale. Akanijibu kuwa mchoro umetoka juu.

Mvua kubwa ya kwanza ikashuka usiku. Ninyi wenyeji mnajua mvua zetu zilivyo: kuanzia Mei hadi Novemba mtaro ni mkavu, upepo wa kipupwe unasukumia humo kila kilichotupwa, kisha mvua ya kwanza inabeba taka za miezi sita kwa usiku mmoja. Chekeche lilijaa kabla ya saa moja kwisha. Maji yakapanda barabarani, yakaingia kwenye maduka matatu, magunia ya unga yakalowa. Asubuhi mkatuma kijana na mashine ya kukatia, chekeche likaondolewa, na taarifa iliyosomwa ilisema wananchi wameliziba kwa taka.

Naam, wameliziba. Chekeche huwekwa ili lizibe! Kazi yake ni kukamata, na kinachokamatwa lazima kirundikane mahali. Suala la kiufundi ni mambo matatu tu: linakamata nini, maji yapite wapi wakati limekamata, na nani analisafisha, saa ngapi.

Tuanze na la kwanza. Chupa ya nusu lita ina upana wa sentimita sita na ushee, kwa hiyo nondo zikiachana sentimita tano zinaikamata bila kuyabana maji. Na plastiki zote si moja. Vifungashio vingi ni vya polithini, ambayo ni nyepesi kuliko maji; huelea, hujikunja, hunasa kwenye majani na vijiti, na vikishanasa huwa kama pazia. Chupa ya maji imetengenezwa kwa plastiki nyingine iliyo nzito kuliko maji. Ikiwa na kizibo inaelea kwa sababu ya hewa iliyo ndani. Ikitupwa bila kizibo inajaa maji, inazama, na tope linaizika. Ndiyo maana yule mgeni mliyemleta na wazo la kufunga maboya yanayoelea juu ya maji angekamata nusu ya tatizo tu. Chekeche letu linatakiwa lifike chini kwenye sakafu.

La pili ni mlalo. Ukililaza kwa nyuzi 45, kwa kina kilekile cha maji unapata eneo la kupitisha maji mara 1.4 ya lile lililosimama, na mkondo wenyewe unazisukuma taka kupanda juu ya mteremko badala ya kuzigandamiza kwenye nondo. Ukiutanua mtaro kidogo hapo mbele ya chekeche, maji yanapunguza kasi na tope linatua kabla ya kufika. Kisha unaacha nafasi ya wazi juu ili siku likizidiwa, maji yapite na uchafu wake, maduka yabaki makavu. Bora chekeche likose usiku mmoja kuliko wenye maduka walichukie miaka kumi.

La tatu ni mtu. Chekeche lisilo na msafishaji ni bwawa. Anatakiwa mtu mwenye reki na jukwaa la kusimamia, apite kila jioni ya siku ya soko na kila baada ya mvua, na awe na mahali pa kuanikia anachokitoa. Hili halikuwamo kabisa kwenye mpango wenu.

Nyavu nazo zinafaa mahali pengine. Mji wa Kwinana, Australia Magharibi, mwaka 2018 ulifunga nyavu mbili kwenye midomo ya mabomba ya maji ya mvua, na katika miezi michache ya mwanzo zikatoa takataka zipatazo kilo 370. Kule wananyanyua kwa kreni. Hapa winchi ya mkono na miti mitatu ya mkaratusi inatosha, na mikaratusi haijawahi kutupungukia.

Mkitaka kujua kwa nini nasumbuka na mtaro mmoja, fuateni maji. Mtaro wetu unaingia kijitoni, kijito kinaingia Ndembera, Ndembera inapita kwenye mpunga wa Madibira na kumwaga kwenye ardhioevu ya Ihefu. Kutoka Ihefu ni Ruaha Mkuu, ni Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ni bwawa la Mtera lenye mitambo ya megawati 80, kisha Kidatu yenye 204, hadi Rufiji na baharini. Sisi wa juu tuko kwenye mdomo wa faneli. Kipande ambacho hapa mtu mwenye reki anaweza kukikamata, kikishafika huko chini hakuna atakayekipata tena.

2. Faini kwa mama mwenye meza

Mwezi Mei mgambo walimkuta mke wangu na fungu la vifungashio, wakamwandikia faini ya shilingi 30,000. Alilipa na risiti anayo. Sheria siibishii. Tarehe 1 Juni 2019 nchi ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, na kanuni zinasema anayebeba au kutumia atatozwa kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba. Kanuni hizohizo ziliacha mlango kwa vifungashio vya viwandani, vya kilimo, vya afya na vya kusindika chakula. Kupitia mlango huo kifungashio chepesi kikageuzwa kuwa mfuko wa kubebea, hadi serikali ikalazimika kukitolea katazo lake Aprili 2021.

Lakini tazameni mpangilio wake. Duka la jumla linalomuuzia mke wangu mafungu hayo liko hatua arobaini kutoka mezani kwake. Mgambo walipita mbele ya duka hilo kumfikia. Kanuni zinaweka adhabu kubwa zaidi kwa anayeuza na kubwa kupita zote kwa anayetengeneza au kuingiza nchini, huko zinafika bilioni moja. Sasa inakuwaje mkono wa halmashauri ufupi kiasi cha kuishia kwa mama lishe?

Mke wangu hakukaa kulalamika kama mimi. Alijaribu. Kwanza alibandika karatasi: ukija na chombo chako, unapunguziwa shilingi mia. Watu walisoma, wakacheka, wakaomba kifungashio. Wiki tatu hivi. Kisha akageuza. Bei ya chipsi akaiteremsha kwa shilingi mia ileile, na kifungashio akakipa bei yake peke yake: shilingi mia. Hesabu ni moja, mwenye chombo analipa kilekile na asiye nacho analipa kilekile. Ila sasa bodaboda wakaanza kuja na mabakuli yao, na dereva mmoja wa lori ana hotpoti ameliandika jina kabisa. "Mia ya kuongezewa unaisahau," mke wangu aliniambia, "mia ya kukatwa inauma."

Binti yetu anasoma Mbeya, na nilipomsimulia akaniambia kuna mtafiti wa Marekani, Tatiana Homonoff, aliyelichunguza jambo hilohilo kwenye maduka ya eneo la Washington. Punguzo la senti tano kwa anayekuja na mfuko wake halikubadilisha kitu cha maana. Tozo ya senti tano kwa anayechukua mfuko mpya ilipunguza sana matumizi. Ayalandi walianza na tozo ya senti 15 mwaka 2002, na mifuko ikapungua kwa takriban asilimia 90. Mama wa chipsi wa stendi yetu alifika hukohuko bila semina na bila posho.

Na kwa mahindi ya kuchemsha amerudi kwenye ganda. Hindi linapakuliwa na ganda lake, unalishika hapo, ukitupa ng'ombe anakula. Tulikuwa tunalimenya ganda hilo, tunalitupa, kisha tunanunua plastiki ya kulifunga hindi. Nilipolitafakari niliona aibu kidogo, na mimi nimekula mahindi hayo miaka yote.

Neno moja kuhusu mifuko mbadala, ile tunayoiita ya kitambaa. Si kitambaa. Mingi ni polipropilini, plastiki tu kama nyingine. Faida yake ni unene: kiwango kinataka isipungue gramu 70 kwa mita ya mraba, ili utumie mmoja mara nyingi. Inayouzwa kwenye soko letu ukiinua juu unaona jua. Mizani ya kupimia hamkosi.

3. Gari la matangazo na usafi wa Jumamosi

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi gari linapita na spika: "Wananchi wengi wamekuwa wakitupa taka ovyo, tabia hii haivumiliki." Nia ni njema, lakini sikilizeni kinachosikika. Mtoto anayelisikia tangazo hilo anajifunza jambo moja, kwamba wengi wanatupa. Kwenye hifadhi moja ya Arizona yenye miti iliyogeuka mawe, watafiti wakiongozwa na Robert Cialdini waliweka bango lililosema kwamba wageni wengi wameiba vipande na kuiharibu hifadhi. Wizi ukafika karibu asilimia 8. Penye bango lililoomba tu kwamba vipande visichukuliwe, haukufika asilimia 2. Aliyeandika bango la kwanza hakusema uongo. Alisema kweli isiyosaidia.

Cialdini na wenzake walikuwa wameonyesha mapema, mwaka 1990, jambo ambalo mfagiaji yeyote wa stendi angewaambia. Waliweka vikaratasi kwenye vioo vya magari ndani ya gereji. Gereji ikiwa safi, watu 14 kati ya 100 walitupa karatasi chini. Gereji ikiwa imejaa taka, 32. Uchafu huita uchafu.

Sasa rudini kwenye ratiba yetu. Wafagiaji wanafagia stendi saa kumi na mbili asubuhi, wanaacha marundo ukingoni mwa mtaro yakisubiri trekta. Trekta linakuja linapokuja. Mabasi ya kutoka Tunduma na Mbeya yanapoanza kuingia, abiria anafungua dirisha na kitu cha kwanza anachokiona ni rundo. Amekwisha pewa ruhusa, na upepo unamalizia kazi. Tunalipa mishahara ya wafagiaji ili watuandalie mfano wa mahali pa kutupa.

Hili halihitaji bajeti. Linahitaji trekta lipite kabla ya mabasi, na spika iseme habari nyingine: kwamba wenye maduka wa upande wa sheli wamekaa mwezi mzima bila taka mtaroni, kwamba kijiwe fulani cha bodaboda kina kapu lake. Ni kweli, na ni mambo ambayo mtu angependa kuyaiga.

4. Viriba

Hili mmelisahau, na sisi wenyewe tumelisahau kwa sababu linatulisha. Nyanda za juu zote zinapanda: misonobari, mikaratusi, sasa parachichi. Kila mche unatoka kitaluni na kiriba chake cha plastiki, na kwa kuwa ni kilimo, kanuni zinakiruhusu. Kiriba kinachanwa shimoni, kinaachwa palepale, mvua inakiteremsha. Vitalu vyetu vikubwa vinajulikana, wateja wanajulikana, na miche inabebwa na gari ambalo linarudi tupu. Rejesho dogo kwa kila viriba mia vinavyorudishwa lingekuwa kreti la soda la wakulima. Sisemi mwanzishe kesho. Nasema mkae na wenye vitalu mara moja kabla ya msimu wa kupanda.

5. Moshi

Dampo linachomwa jioni, na moshi unalalia shule ya msingi kwa sababu baridi ya hapa haiuruhusu kupanda. Majumbani nako tuna desturi ya kuwashia mkaa kwa kipande cha nailoni. Mimi pia nilikuwa nafanya hivyo hadi mjukuu alipoanza kukohoa. Ila ofisi inayotoza ushuru wa taka kisha ikazichoma hewani haiwezi kumfundisha bibi yeyote kuacha.

Mtakayonijibu

Nimekaa foleni kwenye korido zenu vya kutosha, majibu nayajua.

Mtasema hakuna bajeti. Mlikuwa na bajeti ya chekeche la wima, mashine ya kulikatia na mafuta ya gari la matangazo. Na ipo asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vijana wanaookota chupa stendi wapo, wanaamka kabla yetu sote. Wakisajiliwa kikundi, wakapewa mizani na banda la kutunzia mzigo ili wauze kwa wingi badala ya kuuza kwa viroba viwili viwili kwa bei ya kutupwa, reki ya chekeche wataishika wao, kwa sababu kinachokamatwa ni mali yao.

Mtasema abiria si watu wetu, wanatupa wanapita. Kweli, na ndiyo maana semina haiwasaidii. Hamuwezi kumwelimisha mtu anayekaa mjini kwenu dakika kumi na tano. Mnaweza kumwekea kizimba cha waya mahali mlango wa basi unapofungukia, chenye tundu la duara linaloingiza chupa na kukataa gunia. Huko Marekani walijaribu mifuniko yenye matundu ya namna hiyo, urejelezaji wa vinywaji ukapanda kwa asilimia 34. Kizimba kiwe cha waya ili chupa zionekane zilivyojaa. Mapipa matatu mliyonunua yako mbele ya ofisi yenu, yamefungwa mnyororo, na ndani ya uzio hakuna basi linaloingia.

Mtasema tunasubiri mwekezaji wa kiwanda cha kurejeleza. Taka zote za plastiki zilizozalishwa duniani hadi mwaka 2015, zilizorejelezwa ni takriban asilimia 9. Mwekezaji akija tutampokea kwa ulanzi. Asipokuja, ganda la hindi halimsubiri.

Mtasema rejesho la chupa za plastiki ni jambo la taifa. Hapo mna haki. Ujerumani wana rejesho la senti 25 kwa chupa tangu 2003 na chupa zinarudi karibu zote, lakini waliliamua kitaifa. Nanyi mna mbunge, mna vikao vya mkoa. Pelekeni. Viroba vya pombe navyo vilionekana haviwezekani kuondolewa, na tarehe 1 Machi 2017 vikaondoka. Mtaro wetu unakumbuka tofauti.

Mtasema kalavati ni la barabara kuu, si lenu. Ndiyo, na kwa sababu hiyo nimelipima chekeche likae mita 15 kabla maji hayajafika kwenye kalavati, ndani ya eneo la stendi, kwenye mtaro wenu.

Mwisho mtasema wananchi hawana ustaarabu. Hilo nimekwisha kulijibu kwa chupa ya soda.

Ninachoomba

Kabla ya mvua za Novemba:

(a) Kibali cha maandishi cha kufunga chekeche la mlalo mahali nilipotaja, na mtu mmoja anayejulikana kwa jina kuwa ndiye msafishaji.

(b) Trekta lipite stendi kabla ya saa tatu asubuhi, na marundo yasiachwe ukingoni hata kwa nusu saa.

(c) Vizimba viwili vya waya mahali mabasi yanaposimama, na mapato ya chupa yawe ya kikundi cha vijana, kwa tangazo la wazi.

(d) Ukaguzi wa vifungashio uanzie duka la jumla. Mama lishe apewe miezi mitatu ya kubadilika, na utaratibu wa bei ya kifungashio peke yake uzungumzwe na wenye meza wote, ili anayefuata asipoteze mteja kwa asiyefuata.

(e) Kuchoma dampo kukome saa ambazo watoto wako shule, hadi mtakapopata namna nyingine.

(f) Jibu. Hata la kukataa. Likiwa na sababu, nitalisoma kwa heshima na nitalibandika hapa karakana.

Viriba na rejesho navijua vinataka vikao, sivipi tarehe.

Kuhusu (a), naomba msinitafutie zabuni. Chekeche nimekwisha kulichomelea kwa nondo za mabaki, nyuzi 45, sentimita tano kati ya nondo na nondo, na nimelipaka rangi ya kuzuia kutu mikono miwili. Limeegemea ukuta wa karakana tangu Agosti na kuku wamelifanya kichaga. Linahitaji vibarua watatu, mifuko minne ya saruji na siku mbili zisizo na mvua.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi sanifu mstaafu,
karakana ya ng'ambo ya mtaro, mkabala na stendi

Nakala:
Mwenyekiti wa Mtaa
Afisa Mazingira
Ubao wa matangazo wa stendi
Faili, endapo litaonekana